Jicho la Angani, Sikio la Ardhini

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii niliijua tangu shule ya msingi. Niliitumia kufungua insha na kufunga insha, na walimu wakanituza alama. Hata hivyo, ninakiri mbele yako, msomaji mpendwa, kuwa sikuitambua maana yake hadi nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, na aliyenifunza hakuwa mhadhiri wala kitabu. Nilifunzwa na chombo cha chelewa, kadibodi na karatasi za tiara, chenye urefu wa sentimita 120 hivi, ambacho mimi na mdogo wangu tulikiunda sebuleni mwa nyumba yetu huko Kisauni, Mombasa. Chombo hicho ni kielelezo cha merikebu ya anga ya kijeshi iliyobeba rada. Merikebu yenyewe haikuwahi kuwapo duniani.

Yamkini umeshangaa. Mwanafunzi wa Kiswahili na zana za vita vya angani, wapi na wapi? Jibu lake lilianzia darasani. Mapema mwaka 2020 tulikuwa tukiichambua tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Kama ujuavyo, mtunzi mwenyewe alitahadharisha kuwa Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia. Basi mjadala ukawaka. Je, mtunzi ana ruhusa ya kuichukua historia na kuigeuza? Na akiigeuza, ageuze kiasi gani kabla hajaitwa mwongo? Kabla hatujaafikiana, janga la Korona likabisha hodi, vyuo vikafungwa mwezi wa Machi, nami nikarejea nyumbani na madaftari yangu na swali lile likiwa halijajibiwa.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu, wakati huo akiwa kidato cha pili, naye pia amefungiwa shule. Mikono ya kijana huyu haikujua kutulia. Babu yetu mzaa mama alikuwa fundi wa kuunda mashua huko Lamu, na yaelekea ufundi wake uliniruka mimi ukamshukia yeye. Nilipomsimulia mjadala wetu wa darasani, alinisikiliza huku akichonga kijiti, kisha akasema, "Kaka, nyinyi mnabishana kwa maneno tu. Tuunde kitu ambacho hakikutokea, tuone kama kitasimama."

Ndipo tukaichagua Macon.

Niruhusu nieleze kidogo. Merikebu ya anga si ndege, wala si puto linalokwenda popote upepo utakapo. Huelea kwa gesi iliyo nyepesi kuliko hewa, lakini ina injini za kuisukuma na usukani wa kuielekeza. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikuwa na majitu mawili ya namna hiyo katika miaka ya 1930, Akron na Macon, kila moja likiwa na urefu wa mita 239. Kiunzi chake kilikuwa cha aloi ya alumini, na ndani yake mlikuwa na mifuko mikubwa ya heliamu. Ajabu zaidi ni kwamba Macon ilibeba ndege ndogo tumboni. Ndege hizo zilishushwa kwa kulabu, zikaachiliwa angani, na ziliporudi zikajing'ang'aniza tena kwenye kulabu hiyo kama popo. Kazi ya merikebu hii ilikuwa moja: kuwa jicho la jeshi baharini. Mwezi wa Julai 1934 ndege zake ziliitafuta na kuipata manowari iliyomsafirisha Rais Roosevelt katika Bahari ya Pasifiki, na marubani wakamdondoshea Rais magazeti.

Jicho hilo halikudumu. Tarehe 12 Februari 1935, karibu na Point Sur katika pwani ya California, dhoruba iliipiga Macon, pezi lake la juu likang'oka na kuitoboa mifuko ya gesi ya nyuma. Merikebu ikatua baharini na kuzama. Watu 2 walifariki.

Hapa ndipo methali ya ufa ilipoanza kunikodolea macho. Mwezi wa Aprili 1934, takriban miezi kumi kabla ya ajali hiyo, Macon ilipokuwa ikipita juu ya Texas, hewa yenye misukosuko iliivunja mihimili kadhaa mahali pale pale mapezi yaliposhikamana na mwili. Mafundi walioandamana na chombo waliifunga kwa muda, wakakinusuru. Baadaye iliamuliwa kuwa sehemu hiyo iimarishwe, na kazi ikafanywa kidogo kidogo bila kuipumzisha merikebu. Pezi la juu lilikuwa bado halijaimarishwa siku ya dhoruba. Ufa ulionekana, ukaandikwa, ukapangiwa zamu yake. Dhoruba haikungoja zamu.

Hata hivyo, tusiwahukumu watu wale upande mmoja. Pacha wake, Akron, alikuwa amezama karibu na pwani ya New Jersey tarehe 4 Aprili 1933. Kati ya watu 76 waliokuwamo, 73 walikufa, wengi wao kwa maji ya baridi, kwa sababu merikebu haikuwa na jaketi za kujiokolea. Funzo hilo lilisikika. Macon ilipozama ilikuwa na jaketi pamoja na mashua za mpira, na ndiyo maana waliokufa walikuwa wawili na si sabini. Merikebu moja, nyufa mbili. Ufa mmoja ulizibwa, mwingine ukasubirishwa.

Mimi na mdogo wangu tulijiwekea sharti: uongo mmoja tu. Tuligeuze jambo moja katika historia, na mengine yote tuyaache yafuate kwa haki. Uongo wetu ulikuwa huu, kwamba pezi la juu liliimarishwa kwa wakati. Basi Macon ikaishi. Ikafika mwaka 1940, wakati Wanamaji wa Marekani walipoanza kuzifunga manowari zao rada za kwanza. Ikafungwa rada nayo. Ikapelekwa Hawaii. Na alfajiri ya tarehe 7 Desemba 1941, Wajapani walipoikaribia Pearl Harbor wakiwa na manowari 6 za kubebea ndege na ndege takriban 350, juu yao kulikuwa na jicho.

Kwa nini rada ikae angani? Rada hutoa mawimbi ya redio, nayo yakigonga kitu hurudi kama mwangwi. Mawimbi hayo husafiri karibu katika mstari ulionyooka, ilhali dunia ni mviringo. Mtu aliyesimama ufuoni hawezi kuiona mashua iliyokwisha kuteremka nyuma ya upeo wa macho. Mpandishe juu ya mnazi, ataiona. Mpandishe mita 1,500, na upeo wa rada yake utafika kilomita 160 hivi juu ya uso wa bahari. Ni kweli kuwa rada za manowari za wakati ule hazikuwa na nguvu za kulijaza duara hilo lote. Zile tulizozifuata ziliweza kuitambua ndege kutoka umbali wa kilomita 80 hivi. Lakini merikebu yetu ilikuwa na ndege zake ndogo za kwenda kutazama zaidi.

Usidhani jambo hili ni ndoto tupu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wanamaji hao hao walitumia merikebu laini zisizo na kiunzi, zenye rada, kuzisaka nyambizi. Baadaye, mwaka 1958, iliruka mara ya kwanza ZPG-3W, yenye urefu wa mita 123 hivi, ambayo antena yake ya mita 12 ilizungukia ndani ya mfuko wenyewe wa gesi, kwa kuwa kitambaa na heliamu havizuii mawimbi ya redio. Ziliundwa nne. Moja ilianguka baharini karibu na New Jersey tarehe 6 Julai 1960, ikawaua watu 18 kati ya 21. Mwaka 1961 mpango ukafutwa, na safari ya mwisho ya merikebu hizo za Wanamaji ikafanyika mwaka 1962. Kwa hivyo chombo chetu kilikuwa ndugu wa vyombo vilivyokuwapo kweli. Tofauti ni kwamba Macon ilikuwa na mbavu za chuma chepesi ambazo zingeyakinga mawimbi, ndiyo maana tuliishusha antena ikaning'inia chini ya tumbo.

Tulianza kazi mwanzoni mwa Aprili. Kipimo tulichokichagua kilikuwa moja kwa mia mbili, hivyo mita 239 zikawa sentimita 120 na unene wa mita 40 ukawa sentimita 20. Kwa kipimo hicho, mtu mzima hafiki sentimita moja. Mdogo wangu alifikiri kidogo, akaingia jikoni, akatoka na mchele kiganjani. "Mabaharia hawa hapa," akasema. Kila punje ikawa mtu.

Jambo lililonifurahisha mimi, mwanafunzi wa lugha, lilikuwa majina. Nilikuwa nimejiandaa kuhangaika na istilahi, nikitafuta neno la hiki na la kile. Kumbe maneno yalikuwa yameshatangulia sebuleni. Mdogo wangu, bila kufikiri, aliziita pete za kadibodi mataruma, kama babu alivyoziita mbavu za mashua. Uti uliozishika pete hizo ukawa mkuku, na kwa kuwa Macon ilikuwa na uti wa namna hiyo mara tatu, sisi tukawa na mikuku mitatu. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Chelewa zilizopita kutoka omo hadi tezi zikasimama badala ya mbao. Karatasi ya tiara tuliibandika kwa uji mzito wa ngano, tukaipaka rangi ya fedha. Antena ilitengenezwa kwa kipande cha wavu wa dirisha, kwa sababu antena ya kweli mabaharia waliifananisha na springi za kitanda. Merikebu ya Wamarekani ikaundwa kwa Kiswahili cha Lamu, wala haikulalamika. Lililobaki bila jina la baharini ni rada tu, na hilo nalo vijana wa Nairobi wamelichukua zamani. Mdogo wangu aliyajua mazungumzo yao. Kila asubuhi akinikuta kwenye kazi aliniuliza, "Rada ni gani, kaka?" yaani, kuna habari gani?

Tulipofika kwenye mapezi tulipata somo. Maafisa wa Wanamaji walikuwa wametaka pezi la chini lionekane kutoka chumba cha nahodha, basi wasanifu wakayafupisha mapezi na kuyapanua, na ncha zake za mbele zikakosa kushikwa na taruma kuu. Sisi tuliufuata mchoro kwa uaminifu. Pezi la juu likalegea. Ukilipuliza kwa mdomo, linacheza. Mdogo wangu alilitazama kwa muda, akakata kipande cha chelewa cha sentimita nne, akakipachika chini ya ncha ya mbele, akakifunga kwa uzi. Pezi likatulia tuli. "Huu ndio uongo wetu," akasema. Nami nikastaajabu kuona jinsi historia nzima tuliyoipanga ilivyotegemea kijiti kisichozidi kidole.

Laiti ningekuwa makini kwa mambo mengine kama nilivyokuwa kwa kijiti kile!

Mwezi huo huo mdogo wangu alianza kunywa maji kupita kiasi. Alikuwa na jagi lake kando ya meza ya kazi, akilimaliza na kulijaza tena. Nililiona. Nikasema ni joto. Usiku alitoka kwenda msalani mara tatu, mara nne, na kwa kuwa tulilala chumba kimoja nilimsikia kila mara. Nikasema ni hayo maji. Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili. Alifunga siku za kwanza kwa taabu kubwa, midomo ikimkauka kufikia adhuhuri, na suruali zikaanza kumlegea kiunoni. Nikasema ni mfungo. Akawa anasinzia juu ya kazi, kijiti mkononi. Nikasema ni daku.

Mama hakuwa kipofu. Jioni moja, tulipokuwa tukifuturu, alimtazama kwa muda mrefu kisha akanigeukia mimi, mwanawe aliye chuo kikuu. "Mwanangu, mbona mwenzio anakonda hivi? Tusimpeleke akatazamwe?"

Nikamjibu, "Anakua tu, mama. Vijana wa umri huu hurefuka, wakakonda. Na hospitalini sasa hivi kuna Korona."

Mama akanyamaza. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba. Jambo hili limenikaa kooni hadi leo. Mama aliona, mama alisema, nami niliyepewa habari niliituliza kwa maelezo mazuri.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani, usiku wa manane, niliamshwa na pumzi zake. Zilikuwa ndefu na nzito, kama za mtu anayepanda mlima. Mdomo wake ulitoa harufu tamu, kama ya matunda yaliyoiva yakapitiliza. Nilimwita, akafumbua macho, asinijue. Ilikuwa saa za kafyu. Jirani mwenye tuktuk alijitolea, tukampakia, mama akimshika kichwa. Njiani tulisimamishwa, taa ikamulikwa ndani, tukaruhusiwa kwenda bila swali.

Hospitalini walimchoma kidole, wakatazama kipimo, wakatazamana. Ilikuwa kisukari, kile kinachowashika vijana kwa ghafla, na sumu ilikuwa imekwisha kujaa damuni. Daktari alituuliza maswali yake kwa upole. Je, alikuwa akinywa maji mengi? Alikuwa akienda haja ndogo mara kwa mara usiku? Alikuwa amekonda? Alikuwa mchovu? Kila swali lilikuwa na jibu moja, na kila jibu nililitoa mimi, kwa sababu ni mimi niliyeyaona yote. Dalili ya mvua ni mawingu. Nilikuwa nimeyahesabu mawingu, nikayapa majina mengine.

Alitiwa dripu na insulini. Usiku ule na mchana uliofuata hakututambua. Siku ya tatu alifumbua macho, akaniona, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Rada ni gani, kaka?" Nilitoka nje nikalia.

Alipopata nguvu ya kushika simu, alianza kusoma habari za Pearl Harbor ili tumalizie kazi yetu. Siku moja nilipofika na chakula cha mama, nilimkuta amekaa kitandani, uso umebadilika.

"Kaka," akaniambia, "rada ilikuwapo."

"Rada gani?"

"Siku ile ile. Soma."

Nikasoma. Katika mlima wa Opana, kaskazini mwa kisiwa cha Oahu, kulikuwa na kituo cha rada cha jeshi la nchi kavu. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941, askari wawili vijana walikuwa zamu, Joseph Lockard na George Elliott. Zamu yao ilikwisha saa moja kamili, lakini gari la kuwapeleka kwenda kupata kiamshakinywa lilichelewa, nao wakaiacha mashine ikiendelea ili Elliott ajifunze. Saa moja na dakika mbili wakaona alama kubwa kuliko walizowahi kuona, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Walipiga simu kwenye kituo cha habari. Afisa aliyekuwapo alijua kuwa ndege za Marekani zilitarajiwa kutoka California asubuhi hiyo. Akawaambia wasiwe na wasiwasi. Askari wale waliendelea kuifuata alama ile hadi ilipopotea nyuma ya vilima. Kabla ya saa mbili mabomu yalikuwa yakianguka. Wamarekani zaidi ya 2,400 walikufa.

Mdogo wangu alinitazama. "Sasa merikebu yetu ina kazi gani? Wakiona kule juu watapiga simu kwa nani? Si kwa yule yule?"

Sikuwa na jibu. Kwa majuma mengi tulikuwa tumeunda jicho, tukiamini kuwa lililokosekana lilikuwa jicho. Kumbe jicho lilikuwapo, likaona, na likasema. Lililokosekana lilikuwa sikio. Nami, nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda kile, nilimjua afisa yule kuliko nilivyopenda. Hakuwa mjinga wala mwovu. Alikuwa na maelezo yenye mantiki, yaliyoafikiana na habari alizokuwa nazo, na yaliyomwezesha kuendelea na asubuhi yake. Ni ndege zetu. Ni joto. Ni mfungo. Anakua tu, mama.

Nilimwambia hivyo mdogo wangu. Nilimwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi mwenyewe nilijua kuna jambo, kaka. Nilikuacha useme kwa sababu maneno yako yalinipendeza."

Aliporudi nyumbani tuliimaliza merikebu, lakini si kama tulivyoipanga. Tuliitengenezea kitako cha ubao. Merikebu inaelea juu kwa waya mbili, na chini yake, pembeni kabisa, kuna kibanda cha kadibodi kisichozidi kiberiti. Kibandani mna meza, juu ya meza kuna simu iliyochongwa kwa kichwa cha njiti ya kiberiti, na mbele yake pameketi punje moja ya mchele. Mgeni akija, huistaajabia merikebu ya fedha, huhesabu ndege, huigusa antena ya wavu. Ni wachache wanaoinama kukitazama kibanda. Mdogo wangu huwangoja. Wasipoinama, huwaonyesha kwa kidole na kuwaambia, "Huyu ndiye mkubwa wa merikebu yote."

Sharti letu la uongo mmoja nalo lilibadilika. Tuliona kwamba kulikuwa na uongo wa pili ambao tulikuwa tukiuficha bila kujua, yaani kwamba habari ikionekana huaminiwa papo hapo. Uongo huo ulikuwa mkubwa kuliko kijiti cha sentimita nne. Hatukujipa ruhusa ya kuamua kama punje ile iliamini. Tuliiacha na simu sikioni.

Vyuo vilipofunguliwa nilirudi kwa Kinjeketile nikiwa na macho mengine. Katika tamthilia ile watu wanasikia neno, wanaliamini, na imani inawapeleka mbele ya bunduki. Mwishoni Kinjeketile anatakiwa aseme kuwa maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anaufahamu uzito wa neno likishatoka. Opana ni kinyume chake. Huko neno la kweli lilisemwa, likakosa wa kuliamini. Baina ya neno linaloaminiwa kupita kiasi na neno lisiloaminiwa kabisa ndipo tunapoishi sisi, na nadhani ndipo fasihi inapofanyia kazi yake. Swali letu la darasani, la ni kiasi gani mtunzi aigeuze historia, nimelijibu hivi: aigeuze kidogo, kwa uaminifu, ili aone mahali ambapo badiliko lake halitoshi. Hapo ndipo historia humwonyesha alichokuwa hakitazami.

Wenzangu wa Kiswahili, sisi tunasifika kwa kusema. Tunashindana kwa midahalo, kwa mashairi, kwa ngonjera. Ni nadra kupimwa kwa kusikiliza. Nimepata alama nzuri katika ufahamu wa kusikiliza, na bado nilishindwa kuufahamu mlio wa mlango uliofunguliwa mara nne usiku. Elimu ilinipa maelezo ya haraka, na maelezo ya haraka yalikaribia kunipokonya ndugu. Nisingependa yampate mwingine anayesoma kurasa hizi. Ukimwona mtu wako anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa kupita kiasi na anakonda, usimtafutie tafsiri. Mpeleke akapimwe damu. Kipimo chenyewe ni tone moja.

Sasa ninasomea shahada ya uzamili, na mdogo wangu yuko chuo cha ufundi. Insulini yake iko kwenye jokofu, kando ya maziwa. Merikebu bado iko sebuleni, karatasi imeanza kufifia na pezi la juu limesimama imara. Kila asubuhi, popote alipo, yeye huchoma kidole, husoma kipimo na kunitumia nambari kwa simu. Baadhi ya siku nambari ni nzuri na baadhi ya siku si nzuri. Huwa simjibu kwa maelezo. Huiandika daftarini, kisha humwandikia neno moja: nimesikia.